Mashine ya gemu ya mwaka 1985 iliyokataa kufa Brazil

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA wa vifaa vya umeme anajua kuwa redio au televisheni ikikaa dukani miaka mitatu bei yake huanza kushuka, na ikikaa mitano inageuka mzigo wa kumalizia nafasi stoo. Ndiyo maana habari ya mashine moja ya kuchezea gemu nchini Brazil inamshangaza kila anayeisikia.

Mashine hiyo ilibuniwa Japan na kuingizwa sokoni mwaka 1985. Huko ilikozaliwa ilishindwa, na Marekani ilishindwa vilevile. Lakini Brazil, ilikofika mwaka 1989, iliendelea kuundwa kiwandani, kufungwa kwenye boksi jipya na kuuzwa madukani kwa zaidi ya miaka 25, hadi watoto wa kwanza walioichezea wakawa na watoto wao. Kwa takwimu zilizochapishwa na vyombo vya habari vya nchi hiyo mwaka 2016, zilikuwa zimeuzwa takribani milioni 8. Nchi nyingine zote duniani kwa pamoja zinakadiriwa kununua kati ya milioni 10 na 13.

Swali ambalo mfanyabiashara yeyote, awe wa Kariakoo au wa gulio la kijijini, angependa kuuliza ni hili: waliifanyaje bidhaa iliyokataliwa Japan na Marekani ikapendwa kwao kiasi hicho?

Mashine yenyewe inaitwa Master System, na kampuni iliyoibuni ni Sega. Msomaji mfuga nyuki asichanganyikiwe, jina hilo halihusiani na sega la asali. Ni kifupi cha maneno mawili ya Kiingereza yaliyokuwa jina la kampuni iliyosambaza mashine za kuchezea kwa sarafu, ambayo baadaye ilizaa Sega ya Japan.

Ni kasha jeusi linalounganishwa na televisheni kwa waya. Mchezo wenyewe umo kwenye kaseti ya plastiki inayochomekwa juu, na mchezaji anashika pedi yenye vitufe viwili na alama ya msalaba ya kuelekezea. Ubongo wake ni kidude kiitwacho Z80, ambacho kilikuwa cha kawaida hata kwa wakati ule. Kaseti nyingi za mwanzo zilibeba kilobaiti 128 tu. Picha moja inayopigwa kwa simu ya mkononi leo ni kubwa kuliko mchezo mzima wa wakati huo, pamoja na muziki wake.

Kilichoiangusha Japan na Marekani hakikuwa ubovu. Wakati inatoka, mshindani wake Nintendo alikuwa ameshatangulia na mashine iliyoitwa Famicom nyumbani Japan na NES huko Marekani, na alikuwa amewafunga watengenezaji wa michezo kwa mikataba iliyowabana. Mashine bila michezo ni kama pampu ya maji bila kisima. Nintendo aliuza karibu milioni 62 duniani kote, na Sega akaambulia mabaki.

Brazil ya miaka hiyo ilikuwa na sheria zake. Mwaka 1984 serikali ilipitisha sheria ya kulinda viwanda vya ndani vya kompyuta, na bidhaa nyingi za elektroniki kutoka nje ama zilizuiwa ama zilitozwa ushuru wa kukatisha tamaa. Nintendo hakuwa na wakala rasmi huko hadi mwaka 1993. Matokeo yake, viwanda vya Brazil vilinakili mashine yake na kuiuza kwa majina tofauti tofauti bila kumuuliza mwenyewe. Soko lilikuwepo, wateja walikuwepo, ila mwenye mali hakuwepo.

Hapo ndipo alipojitokeza Daniel Dazcal. Mhandisi huyo aliyekuwa amefanya kazi katika tawi la Sharp nchini Brazil alianzisha kampuni ya Tectoy mwaka 1987 akishirikiana na wenzake, kwa nia ya kuunda vitu vya watoto vyenye elektroniki ndani yake. Hawakuanza na mashine ya gemu. Walianza na bunduki ya kuchezea ya miali ya mwanga ya Sega, iliyoitwa Zillion, na katuni ya Kijapani yenye jina hilo hilo ikaonyeshwa kwenye televisheni kubwa ya nchi hiyo, Globo. Bunduki zikauzika. Sega wakaona kuwa watu hawa wanaweza kazi, na mwaka 1989 wakawakabidhi Master System.

Makubaliano hayo yalikuwa tofauti na yale ya wakala wa kawaida anayepokea makontena na kulipa baada ya kuuza. Tectoy walipewa haki ya kuiunda mashine hiyo ndani ya nchi, kuitangaza wanavyojua wao na hata kubadilisha michezo. Kiwanda chao kilikuwa Manaus, katikati ya msitu wa Amazon. Hapa inafaa tusimame kidogo, maana historia ya mji huo inawahusu wakulima kuliko wachezaji wa gemu.

Manaus ulitajirika kwa mpira. Mwishoni mwa karne ya 19, dunia ilipoanza kuhitaji matairi ya baiskeli na magari, utomvu wa mti wa mpira ulikuwa ukigemwa katika misitu ya Amazon kutoka kwenye miti iliyojiotea yenyewe. Matajiri wa mji huo walijenga jumba la opera lililofunguliwa mwaka 1896, vifaa vyake vikisafirishwa kwa meli kutoka Ulaya na kupandishwa mtoni. Waliogema utomvu huo, wengi wao wakiwa wamefungwa na madeni ya matajiri, hawakuona faida hiyo.

Kumbe chanzo cha anguko kilikuwa kimeshaondoka bandarini. Mwaka 1876 Mwingereza Henry Wickham alichukua mbegu zipatazo 70,000 za mpira kutoka Brazil na kuzipeleka London. Zilizoota zikapelekwa Asia, zikapandwa kwa mistari katika mashamba makubwa, mbali na ugonjwa wa kuvu wa majani ambao huko kwao Amazon huteketeza miti ya mpira ikipandwa kwa kusongamana. Kufikia miaka ya 1910 mpira wa Asia ulikuwa rahisi na mwingi, na Manaus ukalala. Hata tajiri wa magari Henry Ford, aliyeanzisha shamba kubwa la mpira katika msitu huo mwaka 1928, alishindwa na ugonjwa huo huo pamoja na migogoro ya wafanyakazi. Msomaji wa Tanga anaujua mchezo huu kutoka upande wa pili: mkonge, uliojenga mji wake, uliletwa na Wajerumani mwaka 1893 na asili yake ni Mexico.

Serikali ya Brazil ilipotaka kuufufua Manaus, mwaka 1967 iliufanya eneo huria. Kiwanda kinachounda bidhaa humo kinasamehewa sehemu kubwa ya kodi, na msamaha huo umeongezwa muda mara kadhaa, hivi sasa hadi mwaka 2073. Honda walifika mapema na tangu mwaka 1976 wakawa wanaunda humo pikipiki za CG 125, ambazo madereva wa bodaboda wa siku nyingi watakuwa wanazikumbuka. Televisheni zikafuata, kisha mashine za gemu.

Mpango huo una ugumu wake. Manaus upo mbali na wateja. Wanunuzi wengi wanaishi kusini, São Paulo na Rio de Janeiro, na barabara inayoelekea upande huo imekuwa mbovu kwa miongo mingi, sehemu yake ya kati ikiwa vumbi kiangazi na tope masika. Mizigo mingi hushuka kwa matishari mtoni hadi Belém, ndipo ikapakiwa kwenye malori. Vipuri vitoke Asia, vipande mto, viunganishwe msituni, kisha boksi lisafiri siku kadhaa majini na barabarani kumfikia mtoto wa São Paulo. Kwa hesabu ya kawaida ya usafirishaji hakuna anayeweza kushauri jambo hilo. Kilicholifanya liwezekane ni kodi iliyosamehewa.

Lakini msamaha wa kodi walikuwa nao wengi, na wengi walikufa. Tectoy waliongeza kitu ambacho wapinzani wao wenye mashine za kunakili hawakukifikiria, nacho ni kumhudumia mteja baada ya kumuuzia. Walianzisha klabu ya wachezaji. Waliweka simu ambayo mtoto aliyekwama kwenye mchezo angeweza kupiga akaelekezwa namna ya kupita. Walilipia vipindi vifupi kwenye televisheni vilivyofundisha mbinu za michezo.

Kisha wakagusa lugha. Mwaka 1991 walitoa mchezo mrefu wa Phantasy Star ukiwa umetafsiriwa wote kwa Kireno, wakati ambapo hata nchi tajiri za Ulaya zilikuwa zikiuziwa michezo mingi kwa Kiingereza tu. Mwaka huo huo wakatoa mchezo ambao hadi leo ndio unaotajwa kwanza kila habari hii inaposimuliwa. Nchini Brazil kuna katuni za Mauricio de Sousa zinazosomwa na watoto tangu miaka ya 1960, na nyota wake ni Mônica, binti mwenye meno ya mbele makubwa na hasira za karibu, anayewacharaza wavulana wakorofi kwa sungura wake wa kitambaa. Tectoy walichukua mchezo wa Sega ambao ulikuwa tayari umetengenezwa, wa kijana shujaa mwenye upanga anayepambana na majoka. Wakamwondoa kijana, wakamweka Mônica, na mahali pa upanga wakaweka sungura.

Gharama ya kubadilisha picha na maneno ni ndogo sana ukilinganisha na kutengeneza mchezo mpya. Lakini kwa mtoto wa Brazil haikuwa tena bidhaa ya Wajapani. Wahusika wengine wa televisheni za huko nao wakaingizwa kwenye kaseti kwa njia hiyo hiyo. Kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi, mwanzoni mwa miaka ya 1990 Tectoy walishika takribani asilimia 80 ya soko la gemu la nchi hiyo.

Ikumbukwe kuwa walifanya hayo katika uchumi uliokuwa umevurugika. Mwaka 1993 mfumuko wa bei Brazil ulizidi asilimia 2,000. Kupanga bei ya bidhaa inayotumia vipuri vya kuagizwa kwa dola katika hali hiyo ni kazi ambayo wafanyabiashara wetu waliopitia miaka ya 1980 wanaweza kuielewa bila kuelezwa. Sarafu mpya, Real, ilipoanza kutumika mwaka 1994, bei zikatulia, na familia za kipato cha chini zikaweza kupanga ununuzi wa vitu vya nyumbani kwa kulipa kidogo kidogo kila mwezi. Master System ambayo kwingineko ilikuwa imeshatolewa madukani ikapata wateja wapya ambao hawakuwahi kuwa na mashine yoyote.

Tectoy hawakuiacha ikae vilevile. Walitoa toleo dogo lililorusha picha kwenye televisheni bila waya, na jingine la rangi ya waridi kwa ajili ya wasichana. Mwaka 1997, wakati dunia nzima ikiongelea PlayStation, walitoa kwa Master System mchezo wa ngumi wa Street Fighter II, ambao haukutolewa kwa mashine hiyo mahali pengine popote.

Mwaka huo huo, hata hivyo, kampuni ilikuwa taabani. PlayStation ya Sony ilikuwa ikiingia kwa magendo kutoka Paraguay, na michezo yake ilikuwa kwenye santuri za CD zilizonakiliwa na kuuzwa barabarani kwa bei ya karanga. Kaseti ya Sega haikuwa rahisi kuigwa namna hiyo, na hivyo haikuweza kushindana kwa bei. Desemba 1997 Tectoy waliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wao, na iliwachukua hadi mwaka 2000 kutoka katika hali hiyo. Mwaka 2001 Sega wenyewe waliacha kabisa kutengeneza mashine za nyumbani. Kwa maneno mengine, wakala alibaki na mashine ambayo mwenye jina alishaachana nayo.

Wengine wangefunga ofisi. Tectoy walirudi kwenye kile walichokijua. Teknolojia ilikuwa imeshuka bei kiasi kwamba kazi yote ya vipande vingi vya mwaka 1985 ingeweza kufanywa na kipande kimoja kidogo. Wakaanza kuuza matoleo yenye michezo mingi iliyokwishawekwa ndani, mengine zaidi ya 100, bila haja ya kununua kaseti. Mzazi alilipa mara moja tu, mtoto akacheza.

Tuangalie hesabu. Mwaka 2013 Sony walipoingiza Brazil mashine mpya ya PlayStation 4, waliitangaza kwa Real 3,999, wakati Marekani ikiuzwa dola 399. Wenyewe walieleza kuwa sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni kodi za uingizaji. Kima cha chini cha mshahara Brazil mwaka huo kilikuwa Real 678 kwa mwezi. Mfanyakazi wa kima hicho angehitaji mshahara wa karibu miezi sita, bila kula wala kulipa kodi ya nyumba. Januari 2015 Nintendo nao walitangaza kusitisha usambazaji rasmi nchini humo, wakilalamikia ushuru huo huo. Mwaka 2017 Tectoy waliporudisha sokoni ndugu mkubwa wa Master System, aitwaye Mega Drive, bei ilikuwa Real 449. Kima cha chini cha mwaka huo kilikuwa Real 937. Hapo ni chini ya nusu ya mshahara wa mwezi mmoja.

Kwa hiyo anayedhani Wabrazil walikuwa wakinunua kumbukumbu za utoto peke yake amekosea. Kumbukumbu zilikuwepo, hasa kwa baba na mama waliotaka kuwaonyesha watoto walichokicheza wao. Lakini mnunuzi mwingi alikuwa akinunua kile alichokimudu. Aidha, mashine hii haidai intaneti, haisubirishi saa nzima ipakue marekebisho, na watu wawili wanaweza kukaa kwenye mkeka mmoja wakacheza mara inapowashwa.

Hata hapa kwetu jambo hilo linaonekana. Katika vibanda vya gemu mitaani, PlayStation 2 iliyotoka mwaka 2000 iliendelea kuingiza fedha muda mrefu baada ya Sony kusitisha kuitengeneza, jambo lililofanyika kati ya mwishoni mwa 2012 na mwanzoni mwa 2013. Mwenye kibanda anayehesabu shilingi kwa kila mechi hana sababu ya kuitupa mashine inayomlisha, fundi anaijua, na pedi za bei nafuu zinapatikana.

Isionekane kuwa habari ya Brazil ni ya sifa tupu. Ukuta wa ushuru uliowapa Tectoy nafasi ndio huo huo uliomfanya mtoto wa Brazil acheze mashine ya mwaka 1985 wakati wenzake wa Marekani walikuwa mbele kwa vizazi vitatu. Ulikuza magendo ya Paraguay. Wala Brazil haikupata kuwa mbunifu mkubwa wa mashine hizi, kwa sababu viwanda vya Manaus kwa sehemu kubwa ni vya kuunganisha vilivyobuniwa kwingine. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, kilichostahili pongezi ni yale mambo ambayo sheria haikuyalazimisha: simu ya kumsaidia mtoto, tafsiri ya Kireno na yule sungura wa Mônica.

Wapenzi wa zamani nao wana malalamiko yao. Matoleo mengi ya karibuni ya Master System hayana sehemu ya kuchomekea kaseti, hivyo aliyetunza kaseti zake tangu 1990 hana pa kuzitumia. Mega Drive ya 2017 ilirudishiwa sehemu hiyo, ikawekewa na michezo 22 ndani, lakini ilitumia waya wa zamani wa picha, na wenye televisheni za kisasa walinung'unika kuwa picha haina ung'avu. Kwa upande mwingine, mwenye televisheni ya mgongo hakuwa na la kulalamikia.

Siku hizi simu ya kawaida tu inaweza kuendesha michezo yote ya Master System bila jasho. Tectoy wenyewe wamehamia sehemu nyingine, na mwaka 2024 walitoa kompyuta ndogo ya kuchezea gemu mkononi iitwayo Zeenix, ambayo iko mbali kabisa na ile Z80. Lakini kaseti za zamani zimepata soko ambalo hakuna aliyelitazamia. Wakusanyaji wa gemu wa Ulaya, Marekani na Japan kwenyewe wanazitafuta zile zilizotolewa Brazil pekee, Street Fighter II na Mônica zikiwa miongoni mwao, na kwa kuwa hazikuwahi kuuzwa kwao inawabidi waagize kutoka Brazil na kulipia ushuru zinapoingia nchini mwao.